Walinifukuza, Sasa Wananiletea Yefta

Mpendwa mshauri Mama Valeria, shikamoo, naomba msaada wako na unisamehe maneno yangu yakiwa makali maana hasira hii imegoma kunitoka. Mimi ni mkulima wa hapa Miteja lakini kwetu ni kijiji kimoja cha milimani huku huku Kilwa, baba yetu alimzaa kaka yangu Boniface na mke wa ndoa, mimi akanizaa nje na mama yangu aliyekuwa akipika pombe ya mabibo, basi baba alipofariki, siku ya kuanua matanga, Boniface alisimama mbele ya watu akasema mtoto wa muuza pombe hana fungu kwenye mikorosho ya baba, na mzee Mudathiri, mkubwa wa wazee wa kijiji, alikuwepo, katekista wa kanisa letu alikuwepo, wote wakainamisha vichwa, nikaondoka na nguo zangu tu, na aliyenikimbilia njiani na mihogo ya kuchemsha ni Lightness, binti wa Boniface, wakati huo bado mdogo, analia ananiuliza baba mdogo unakwenda wapi.

Huku Miteja niliungana na wenzangu wasiotakiwa makwao, mmoja katoka jela, mwingine kasingiziwa uchawi, tukajifunza kuzuia tembo, tunachoma kinyesi chao kikavu kilichochanganywa na pilipili upande unakotoka upepo, tunapokezana kukesha juu ya dungu la kulindia shamba, na mashamba yetu yamepona. Sasa tembo wameingia kwetu, mahindi yamekwisha, watu wanachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, porini ili wale, ndipo wazee wakanifuata, Boniface yuko nyuma yao, na katekista akafungua Biblia akanisomea habari za Yefta, mtoto wa kahaba aliyefukuzwa na ndugu zake, kisha vita vilipowafika wakamfuata awe jemadari wao, akaniambia hata Musa alikimbia kwao, hata Daudi aliachwa machungani, Mungu huwatumia waliokataliwa.

Mshauri, nikasema nitakuja kuongoza ulinzi, lakini Boniface na nyumba yake yote wafukuzwe kama nilivyofukuzwa, nikashika ile Biblia nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu. Nilidhani watakataa. Mzee Mudathiri akasema, "Hilo dogo." Jana Lightness amenipigia simu, ameachika, amerudi kwa baba yake na mtoto mchanga, akaniuliza, "Baba mdogo, na mimi nifungashe?" Nikakata simu, nikachukua kalamu nikuandikie. Nisipokwenda watu watashinda na njaa, nikienda nimeshaapa, na kiapo naogopa. Nifanyeje?

Optatus, Miteja

*

Marahaba, Optatus. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, maana na mimi nilipandwa na hasira.

Nianze na hao wazee. Mtu anakaa kimya mwenzake akinyang'anywa haki, halafu shida ikimfika anakuja na Biblia kumweleza kuwa ule ulikuwa mpango wa Mungu. Hawana haya. Mungu alimtumia Yefta, ni kweli, lakini waliomfukuza ni ndugu zake, si Mungu, na Yefta mwenyewe aliwauliza wazee wa Gileadi usoni: si ninyi mlionichukia mkanifukuza? Katekista wako aliruka hapo? Na hilo "dogo" la mzee Mudathiri ulilisikia vizuri? Jana walikutoa wewe, leo wanamtoa Boniface, wao hawapungukiwi kitu.

Sasa zamu yako, na usinikasirikie. Katekista hakukusomea mpaka mwisho. Yefta alikuwa na uchungu kama wako na mdomo kama wako. Kabla ya vita akaweka nadhiri kwamba atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki atamtoa sadaka. Akashinda, akarudi, akatoka binti yake, mtoto wake wa pekee. Hakuna aliyemtuma kusema vile. Na wewe hakuna aliyekutuma. Ulimlenga Boniface, umempata mtoto aliyekuletea mihogo, na sasa ana kichanga mgongoni, halafu unaniambia unaogopa kiapo. Kiapo cha kumdhulumu mtu hakikufungi. Kinachokufunga ni kiburi, usimsingizie Mungu.

Nenda kwa padre ukaungame kiapo hicho. Padre, si yule katekista. Kisha waambie wazee waitishe mkutano wa kijiji, mchana, watu wote wawepo. Hapo dai chako bila kuona aibu: fungu lako la mikorosho lipimwe, na wenzako utakaokwenda nao wapokewe kama watu. Uongozi wako wa ulinzi utangazwe hapo hapo, wasije wakakufukuza tena tembo wakiondoka. Na Boniface asimame alipowahi kusimama, alitaje jina la mama yako kwa heshima. Akitaka kutazama chini, msubiri mpaka ainue kichwa.

Wakikataa, baki Miteja na hasira yako, una haki nayo.

Lakini Lightness usimweke kwenye mkutano huo. Yeye hasubiri padre, hasubiri wazee, hasubiri baba yake atubu. Amekuuliza swali tangu jana na wewe umeniandikia mimi. Simu unayo. Mpigie sasa hivi umwambie asifungashe.