Mazoezi ya Likizo

Binti yangu mpendwa,

Sisi ni wazima, ila nimechoka. Uliagiza mwanao asome likizo hii, nami simpi nafasi ya kuzembea: asubuhi ananisomea maandishi ya chupa za dawa, sokoni vibao vya bei, jioni gazeti zima. Juzi alipiga kelele, "Babu, hiyo ni ya kupaka, siyo ya kunywa!" Nikamjibu kwamba nilikuwa nampima. Hata barua hii natamka mimi, anaandika yeye. Ni mazoezi tu. Shule zikifunguliwa, mwache akae wiki moja zaidi, ingawa unajua nilivyowachukia watoro.

Ni mimi baba yako.

Mama, haya naongeza mwenyewe. Babu haoni tena. Amenikataza nisikwambie, lakini hataweza kuyasoma.