Masharubu ya Mama

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Watoto wale kwanza.

Lile jarida la zamani nililolisaka mtandaoni, lenye picha ya marehemu mama kwenye jalada, limefika asubuhi. Nafungua bahasha, mama ana masharubu ya kalamu! Nilimchora mwenyewe utotoni. Ulisema umetupa takataka za stoo, kumbe uliuza majarida yangu, nami leo nimenunua mali yangu mwenyewe.

~~Nakwenda kwa dada, usinitafute.~~ Nimekwenda kwa muuzaji kabla hajayamaliza mengine. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Kabati langu usiliguse hata kwa kidole.

Mama nimemtundika ukutani, upande wako wa kitanda. Usimgeuze. Ana neno na wewe.

Mkeo (bado)