Kompyuta Yangu Kuukuu na Laptop ya Shemeji

Mpendwa mshauri, shikamoo Bi Hawa. Naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana ninayekuandikia nipo eda hapa Magamba, juu ya Lushoto, mume wangu Ramadhani alifariki kabla ya baridi kuanza, na Jumamosi hii inayokuja mdogo wake Yusufu anapandisha gari kutoka Magoma kuja kuchukua kompyuta yangu ya mezani, na mimi mpaka naandika hapa sijui nikubali au nikatae.

Bi Hawa, mimi ni mchapaji, nachapia nyumbani, barua za watu, kadi za harusi, na zaidi ya yote mitihani ya shule za huku juu, walimu wananiamini kwa sababu karatasi haitoki sebuleni kwangu mpaka waje wenyewe, na kazi hiyo ndiyo inayowalisha wanangu wawili tangu baba yao aanze kuugua. Kompyuta ni ya siku nyingi, ina lile boksi kubwa la kukaa chini, lakini haikuwahi kuniangusha, ila tangu msiba imebadilika, ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ndiyo kwanza inafunguka, feni inanguruma, halafu katikati ya kazi inazima yenyewe, na wiki iliyopita ilizima nikiwa na mtihani wa sayansi wa Mwalimu Kristofa, maswali yote ya mwisho yakapotea, nikachapa upya mbio mbio, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kochi anasubiri na ananiangalia kwa huruma, na mimi huruma ya mteja naijua, leo anakuhurumia, kesho anakwenda kwa mwingine.

Nilimpigia fundi Alen wa Lushoto mjini, akasema nisinunue mpya, nibadilishe diski niweke ile ya kisasa inayoitwa SSD, niongeze na RAM, halafu yeye apige upya windo, ile programu ya Windows, maana hii iliyomo kila nikiwasha inanipa onyo kwamba imepitwa na wakati. Lakini Alen ni mwanaume, na mimi kwa hali yangu naona haya kumwita aje ainame sebuleni kwangu, watu watasema nini, na kuibeba kuteremka nayo mjini siwezi. Yusufu aliposikia akaja pamoja na baba mkwe, akalipiga lile boksi kwa kiganja, akasema, "Mlamu, hii ni maiti, utaiwekea vipuri vya nini? Niachie mimi, nami nitakuletea laptop, unakaa nayo hata kitandani." Mlamu kwetu ndiyo shemeji. Nikamuuliza hiyo laptop inakuja lini, akasema, "Kumbe huniamini? Si mimi ndiye baba wa hawa watoto sasa?" Baba mkwe alivua kofia yake akawa anaiangalia. Hapo Yusufu akaongeza kwamba vitu vya marehemu lazima vikusanywe vyote kabla ya kikao cha mirathi, na kwamba mashine akishaifanyia fanyia ataiweka kwenye steshenari yake Magoma, maana pale hana ya kuchapia.

Na si kwamba siitunzi. Siku ya msiba shangazi yake marehemu alifunika kioo cha kabati, televisheni na kompyuta kwa kanga, kama tunavyofanya sisi nyumba ikiwa na msiba, na mimi nikiwa na kazi nafunua ile skrini tu, lile boksi sijaligusa, kanga zake mbili ziko juu yake mpaka leo, kwa sababu nikizitoa naona kama ninamaliza msiba kabla ya wakati, na kwa kuwa ukungu wa huku unaingia mpaka ndani, nimelisogeza karibu na jiko la mkaa lisipate unyevu.

Sasa nipo njia panda, Bi Hawa. Nikikataa nitaonekana mjane jeuri, udongo wa kaburi la mumewe haujakauka ameshaanza kugombania vyombo. Nikikubali, walimu nitawaambia nini mpaka hiyo laptop ifike, na isipofika? Tena sijui hata ninaing'ang'ania kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya Ramadhani, maana ndiyo aliyonipa mahari, nilipoulizwa nataka nini nikasema kompyuta, watu wote ukumbini wakacheka, hata masheikh, na yeye akaitafuta mpaka Tanga, ingawa hilo sijamtajia Yusufu, nimeona si wakati wake. Niitengeneze, au nimwachie?

Mwanaheri, Magamba

BI HAWA ANAJIBU

Marahaba, Mwanaheri, na pole sana mwanangu. Barua yako ilikuwa chini kabisa ya rundo, nimeivusha mbele ya wenzako ili ikufikie kabla ya Jumamosi. Wao watanisamehe.

Inuka sasa hivi ukatoe hizo kanga. Umeivisha mashine kanga mbili, ukaiweka iote moto, halafu unashangaa inazimia! Yale matundu ya ubavuni ndiyo pua zake. Ukiyaziba inapata joto, ikipata joto inapunguza mwendo, na ikizidiwa inajizima isiungue. Na shangazi sina ugomvi, siku ile alifunika kwa heshima, lakini mashine iliyo kazini haifunikwi, na huzuni yako haitapungua kwa sababu feni imepata hewa. Na hilo jiko litoe nje, tena si kwa ajili ya kompyuta. Umejifungia na watoto wawili mahali mkaa unawaka? Hewa yake haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa wamelala. Hapa nimekasirika, na usinijibu kwamba baridi ya Magamba ni kali. Vaeni masweta.

Alen mwite. Aje mchana, mlango uwe wazi, kaka yako au mzee yeyote wa nyumba akae hapo sebuleni, nawe ujistiri kama unavyojua. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wa msikiti wenu, majirani usiwaulize, kwa sababu majirani hawatawalipia watoto wako chakula. Akifika, kabla hajashika bisibisi, anakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na hiyo diski ikae kwako. Ndipo afungue boksi apulize vumbi na majivu ya jiko lako. Ichapie siku chache uone. Isipozima tena, weka hiyo SSD na RAM kama alivyokushauri, kwa kazi ya kuchapa inakutosha sana, na hata mashine ikija kuchoka, SSD utaihamishia kwenye nyingine. Muulize pia kama inapokea windo mpya. Kama haipokei, chapa mitihani ukiwa umezima intaneti, na mambo ya benki usiyafanyie humo. Ila akikuambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, usinunue hata kipuri kimoja, anza kutafuta nyingine. Usikubali kulishwa matumaini na fundi, hata akiwa mwema.

Hayo yalikuwa rahisi, na nadhani unajua. Mtu haniandikii kurasa zote hizi kwa sababu ya RAM.

Mwanaheri, ukungu umenielezea, feni umenielezea, kochi la Mwalimu Kristofa umenielezea, na mahari ukaichomeka mwishoni kama kitu cha aibu. Mahari ni mali ya mke. Kompyuta hiyo haikuwa ya Ramadhani siku anafariki, kwa hiyo haimo kwenye mirathi yake, na wala hakuna wa kuja kuikusanya. Wale waliokucheka ukumbini wote ni mashahidi wako. Na hebu nikuulize, kama ni maiti, mbona shemeji yako ameshaitafutia ajira Magoma? Anajua kama ninavyojua mimi kwamba ni nzima. Simwiti mwizi. Pengine anaamini kwa moyo wake wote kwamba cha kaka yake ni chake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa sababu wewe uliyekuwa na la kusema ulinyamaza. Umelilinda jina la mjane mpole mpaka watoto wako wanakaribia kukosa ugali. Upole wa namna hiyo mimi siusifu.

Baba mkwe wako nimemwona hata kwa mbali. Mzee hakushindwa kusema siku ile kwa kukosa maneno. Alikuwepo kwenye ndoa yenu, anakumbuka, na ameona haya kumkana mwanawe mbele yako. Msaidie. Leo, si kesho, mpigie simu, umwamkie vizuri, umuulize jambo moja tu: "Baba, unakumbuka mahari yangu ilikuwa nini?" Halafu nyamaza. Usilie, usijieleze, usimtaje Yusufu. Hata kimya kikiwa kirefu, usikijaze wewe. Akishalitamka kwa kinywa chake, mwombe aje Jumamosi mapema, awahi kabla ya gari.

Yusufu akifika mpe chai kama mgeni yeyote. Akiinamia boksi, mwambie ukiwa umekaa palepale kwenye kiti chako cha kuchapia: "Shemeji, hii ni mahari yangu. Haiendi Magoma." Laptop akiileta, ipokee na umshukuru, ni zawadi kwa hao anaowaita wanawe, si badala ya kitu. Akinuna, anune, atanywa chai akiwa amenuna na atarudi kwake salama. Wewe endelea na mtihani wa Mwalimu. Na mashine hiyo siku itakapokufa kweli, maana zote hufa, ife mikononi mwa mwenyewe.