Chupa ya Maji ya Bahari

Kaka Elieza,

Shikamoo. Hapa Chang'ombe maji yanatoka Jumanne na Ijumaa tu. Nimesharudi kazini Mtumba.

Sikuwa semina kama nilivyowaaga. Nilikuwa kwenye meli ya kitalii, mapumziko yangu ya kwanza tangu niajiriwe. Miaka yote nimekwepa michango ya ukoo nikisema naweka akiba, niache kazi mapema nisimtegemee mtu. Niliona aibu kuwaambia kwamba nakwenda kutembea.

Baharini simu haikushika mtandao siku nne. Mlipokuwa mnamzika Mama, mimi nilikuwa kwenye foleni ya aiskrimu. Mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, naenda kazini.

Unasema alipozidiwa mlitaka kunitafuta, akawakataza: "Mwacheni Restuta, yuko semina."

Kaka, Mama nilimwambia ukweli. Hata picha ya meli nilimwonyesha. Alicheka, akaniagiza maji ya bahari, aonje mwenyewe kama kweli yana chumvi.

Niliyachota siku tuliyoshuka ufukweni. Chupa iko hapa mezani, imejaa. Nikija, utanionyesha kaburi lilipo.

Mdogo wako,
Restuta