Punje ya Manjano

Zaina mjukuu wangu,

Hili sijamwambia mtu: gauni la dada Salma nililitoboa mimi, kwa kaa la pasi.

Marahaba. Uwele shambani umekomaa, Mama hajambo. Usicheke nikikuita mjukuu. Tunalingana umri, lakini mama yako ni binti wa kaka yangu.

Umeuliza kama anayetia mkono mwisho kwenye kura hupunjwa. Mama alileta gauni moja la mitumba kutoka mnada wa Issuna, na mabinti tuko watatu. Akatia kibuyuni punje tatu za mahindi, mbili nyeupe na moja ya manjano. Atakayetoa ya manjano analichukua. Salma akatangulia, kwa ukubwa wake, akaitoa.

“Utalirithi, mdogo wangu,” akanicheka.

Jana mwalimu wa hesabu alieleza, kwa Kiingereza chake, kwamba hili likifuatwa na lile, tunazidisha. Ili nipate mimi wa mwisho, kwanza Salma akose: nafasi ya hilo ni theluthi mbili. Kisha wa kati akose, nusu. Nikazidisha: theluthi moja, sawa na ya Salma. Hakunipunja.

Leo kalivaa na kiraka, na bado limempendeza. Hesabu imeniondolea kinyongo, wivu umebaki. Niliapa nitamwambia leo. Ndala zake hizo, anakuja. Ngoja niifiche karatasi chini ya godoro.