Mpasheni wa Uzioni

Baba Kashindye,

Nimewahi kivuko cha Busisi, dada amejifungua. Ugali umo kwenye hotipoti. Samaki sato mfunike, paka yumo humu humu.

Ule mpasheni wa uzioni uukate. (Nimefuta hapo. Usiukate.)

Asubuhi nilitoka na panga kweli. Tangu wakupunguze kiwandani unazungumza na huo mmea tu, mimi hunioni. Nikakuta ua la kwanza limefunguka, nyuki wamezama ndani, upepo wa ziwa unalibembeza. Na kila tawi umelifunga kwenye senyenge kwa kipande cha ovaroli yako ya kazi, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Nikasimama pale kama ninayeota. Panga nimelirudisha jikoni.

Nikirudi Jumapili, nikute umeniwekea kigoda pembeni yako.

Mama Kashindye