Risasi Katika Majivu ya Mkarafuu

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Nimechonga vijiti vya makaa arubaini asubuhi hii. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Kijiti cha chini unakitoboa kishimo, unatia majivu ya majani ya mkarafuu, unafunga kijumba chake, unawasha. Umeme unaruka toka kijiti hiki mpaka kile, mwanga wa kutoboa macho, na kila madini yaliyomo ndani ya majivu yanaacha mstari wake kwenye kioo cha picha. Sisi tunaiita mashine ya cheche. Nnaipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa.

Kioo changu leo kimetoka na ukungu. Cha Zuhura safi. Bwana Kurt, Mjerumani anayetufundisha, kakinyanyua dirishani mbele yetu sote. "Hii ndiyo. Hii ndiyo kabisa." Changu kakitazama, kasema nisishindilie majivu kwa kidole gumba, nitumie kijiko. Kijiko kinachelewesha.

Mwisho wa mwezi anaondoka. Mmoja wetu atabaki mwalimu wa mashine, awafundishe vijana wapya watakaoletwa toka skuli. Ni mie au Zuhura. Nnataka niwe mie. 

Jumanne, 4 Agosti

Mie niliingia jengo hili kuosha chupa. Kemia nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu nilichokinunua Darajani kwa muuza maandazi. Kurasa zake alikuwa akizifungia maandazi. Sura ya asidi ilikuwa ishakwenda na maandazi. Jedwali la mistari ya madini nimelinakili kwa mkono, nimelibandika juu ya kitanda. Bibi anadhani ni hirizi, kila akipita analisomea Kul-huwallah.

Zuhura kaja na cheti ndani ya bahasha. Mlango wa mbele. Siku ya kwanza kapewa kiti.

Alhamisi, 6 Agosti

Zuhura kaleta mkate wa kumimina. "Kaka Haji, umekonda, kula." Mbele za watu. Nimekula vipande vitatu. Mtamu. Hilo nalo limeniudhi.

Mzee Kombo wa stoo kanikamata nnamwangalia. Kasema namwangalia mwenzangu kama paka anavyomwangalia mwenye samaki. Nikamwambia simwangalii. "Basi unamwangalia samaki."

Ijumaa, 7 Agosti

Sampuli nyingi, tumerudi kazini baada ya sala. Ijumaa zamu yangu kusaga majivu na kujaza vijiti, ya Zuhura kuchoma. Anayechoma ndo anayeandika jina kwenye kioo.

Nimejaza ishirini. Macho yananiwasha kwa vumbi la majivu. Jina langu halipo popote.

Jumanne, 11 Agosti

Bwana Kurt katuuliza mistari. Shaba wapi, chuma wapi, manganizi wapi. Nimejibu yote kabla hajamaliza kuuliza. Kasema, "Haji, upesi sana. Sasa jifunze polepole." Zuhura kacheka. Si kwa ubaya. Sikucheka.

Ijumaa, 14 Agosti

Kama wiki iliyopita. Nimejaza, kachoma, kaandika jina lake.

Nnamwonea wivu. Nimeliandika sasa, pengine litaniachia.

Jumamosi, 15 Agosti

Halijaniachia.

Leo kuna kizaazaa. Bwana Kurt kakuta mstari wa risasi kwenye vioo vya jana. Risasi ile madini, sumu. Kwenye majivu ya mkarafuu wetu! Kafukua vioo vya nyuma, kaikuta na Ijumaa ya tarehe saba. Siku nyengine hamna. Vyote vina jina la Zuhura.

Mkuu wa maabara kateremka mwenyewe toka juu, jasho linamtoka. Kauliza kama tunajua karafuu ndo zinazokilisha kisiwa hiki. Kauliza mara mbili. 

Nimefurahi. Naandika kwa sababu hapa hasomi mtu. Nimefurahi mpaka nimekwenda kujificha chumba cha giza.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimesema.

Nilikuwa nikifikiri tangu jana, risasi inatoka wapi. Si majivu, maana majani yale yale yamechomwa Jumatano na yametoka safi. Basi ni ya mtu. Halafu nikamtazama Zuhura anavyopangusa jicho kwa ncha ya buibui, nikaruka kitini. Wanja! Wanja wa manga ni jiwe lenye risasi, kitabu changu kinasema, ukurasa huo haukuliwa.

Nikamwambia Bwana Kurt mbele ya Mkuu, mbele ya Mzee Kombo. Nilisema haraka haraka, mate yananiruka. Bwana Kurt kanipiga begani.

Zuhura kasema, "Wanja wangu wa masizi, bibi yangu ananitengenezea nyumbani Chukwani. Upimeni." Kasema taratibu. Mie nilikuwa bado nnasema, sauti yangu imeifunika yake. Hakuna aliyemsikia ila mie.

Kaondolewa kwenye mashine. Kapelekwa kuosha chupa. Beseni langu lile lile.

Jumanne, 18 Agosti

Mwalimu ni mie! Mkuu kasema mbele ya wote. Bwana Kurt kanipa ufunguo wa chumba cha mashine. Nimeutia mfukoni, kila baada ya hatua mbili naupapasa. Bibi kanifanyia dua, kaita majirani.

Mzee Kombo hakunipa mkono. Kasema juu ofisini wanauliza kama yule binti kafanya makusudi. Kuna mtu kalitaja neno hujuma. Neno hilo siku hizi halitajwi kwa mchezo, watu wanalalishwa ndani kwa hilo. Mie sikusema makusudi. Nilisema wanja tu.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimepita kwenye beseni. Kanipa salamu. Nimemjibu huku natazama ukuta. Anaosha vizuri kuliko nilivyokuwa naosha mie. Hata hili kanishinda.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimesaga mwenyewe, nimejaza mwenyewe, nimechoma mwenyewe. Jina langu juu ya kila kioo.

Risasi ipo.

Zuhura hajaingia chumba kile tangu Jumatatu. Nimekivunja kioo cha kwanza, nikasema kimeniponyoka. Vilivyobaki nimevificha nyuma ya kabati.

Jumamosi, 22 Agosti

Zuhura aliacha kikaratasi kwenye droo ya Bwana Kurt, kimekunjwa, kimeandikwa "wanja wangu, kwa kupimwa". Wiki nzima kimelala hapo. Leo nimeutoa wanja uliomo, nimeuchoma kwenye mashine, wengine wameshatoka. Nilikuwa naomba. Wallahi nilikuwa naomba uwe na risasi.

Hauna. Safi kabisa.

Nikakaa. Tarehe saba, kumi na nne, ishirini na moja. Zuhura anapaka wanja kila siku. Nani anapaka Ijumaa tu?

Mjomba kaniletea wanja wa manga alipotoka kuhiji. Kila Ijumaa naoga, napaka, nakwenda msikitini. Nikirudi nasaga majivu, macho yananiwasha, nayafikicha. Halafu nnashindilia vijiti kwa kidole gumba.

Nimeutoa wanja huo mfukoni, nimeugusisha kijiti kipya, nikachoma. Mstari mnene kama uzi wa kushonea.

Jumapili, 23 Agosti

Sikutoka. Bibi kauliza kama naumwa. Nikamwambia naam.

Nimefikiri kunyamaza. Nikiacha kupaka wanja, risasi haitokei tena, na kila mtu atasema tumemtoa Zuhura, mambo yametengemaa. Rahisi hivyo. Mashine yangu, vijana wangu, ufunguo wangu. Nimeifikiri tangu alfajiri mpaka alasiri, na kila nikiipenda zaidi naliona lile neno la ofisini limemkalia yeye kichwani.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimewaita Bwana Kurt na Mkuu. Sikueleza. Nimepaka wanja mbele yao, nimefikicha jicho, nimejaza kijiti kwa kidole gumba, nimechoma. Cha pili nimekijaza kwa kijiko. Wamesubiri kioo kikauke. Mstari upo hapa, pale haupo.

Bwana Kurt kavua miwani, kaifuta, kairudisha.

Mkuu kauliza niligundua lini.

"Ijumaa niliona mstari. Jumamosi nikajua ni mie."

"Leo Jumatatu."

Nimekitazama kidole gumba changu, bado cheusi.

"Na habari za yule binti nimeziandikia barua kwa wakubwa, Haji. Barua yenyewe imekwenda." Kanyanyua simu pale pale, kapiga huko juu, kazungumza kwa muda mrefu kanipa mgongo. Alipoiweka kasema imefutwa. Kanyoosha mkono. Nimempa ufunguo.

Jumanne, 25 Agosti

Nimemwomba radhi Zuhura stoo. Nilikuwa nimejipangia maneno, nikayamwaga yote kwa mpigo. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Siku ile ulinisikia, Haji. Niliposema upimeni." Nikamwambia nilikusikia. "Hilo ndo linaloniuma. Mengine kosa la kazi."

Hakuniita kaka.

Jumatatu, 7 Septemba

Bwana Kurt keshaondoka. Vijana wapya wamekuja leo, wanane, suruali zimepigwa pasi. Zuhura kawafundisha. Mie nimeachiwa nibaki, kazi ya kusaga, na darasani nikae na wageni nianze upya. Nimekaa safu ya mwisho.

Anafundisha vizuri. Hana haraka. Kitu nilichokisoma mie mwezi mzima kawaeleza kwa dakika chache na wamekifahamu. Wivu upo. Nilidhani ungeondoka na ufunguo.

Sharti la kwanza kawaambia, kabla ya kugusa majivu mtu anaosha mikono na uso. Kijana mmoja kauliza uso wa nini. Nikainamisha kichwa, nikajua sasa atanitaja.

"Vumbi," kasema. Kaendelea na somo.

Wakajipanga mstari kwenye beseni. Nikasimama nyuma yao. Zamu yangu ilipofika maji yalikuwa yashachafuka, nikayamwaga, nikateka mengine.